Mkono wa Roboti na Magunia ya Maonyesho

Juzi baada ya ibada hapa Lanet, kijana mmoja anayesomea mitambo alinifuata hadi getini akaniuliza, "Shosho, kati ya hizi roboti za kupanga magunia, gani ndiyo poa zaidi?"

Nikamuuliza, "Poa kwa gunia gani?"

Akacheka akidhani namtania. Sikuwa namtania hata kidogo. Simu yake ilikuwa imejaa picha za mikono ya chuma, mirefu kwa mifupi, ya manjano na ya rangi ya chungwa, kila mmoja na orodha ya sifa zake. Picha ya gunia hakuwa nayo hata moja.

Huyo kijana na wenzake ndio wamenifanya nikae leo na kalamu. Kwa msionijua, mimi ni Mama Njeri. Nimefanya kazi miaka thelathini na miwili katika ukumbi wa kufungashia wa kiwanda kimoja cha chakula cha mifugo hapa Nakuru. Jina la kiwanda nitaliacha, maana wenyewe bado wako kazini na mimi bado napenda kusalimiwa vizuri nikipita getini. Nilianza nikishona midomo ya magunia, nikamaliza nikiwa msimamizi wa ukumbi mzima. Diploma sina. Lakini kiwanda kilipotaka kununua mkono wa roboti, meneja aliniambia nichague mimi, na nusura nichague vibaya. Ningechagua vibaya mngekuwa mnanisoma leo kwa habari nyingine kabisa.

Kabla hamjanicheka kwa hilo, nichekeni kwa hili kwanza. Siku yangu ya kwanza kwenye cherehani ya magunia nilivaa sweta mpya ya mikono mipana, niliyonunuliwa na mama kwa ajili ya kazi. Gunia la tatu au la nne nikalishona pamoja na mkono wa sweta. Gunia likaendelea na safari yake juu ya mkanda, nami nikalifuata nikipiga mayowe kwa Kikuyu, wanaume wote wakisimama kutazama. Aliyekimbia kuzima mashine alikuwa kijana mwembamba anayepanga magunia mwisho wa mkanda. Akatoa kisu, akakata uzi polepole asiharibu sweta, akaniambia, "Hapa tunakunja mikono, dada. Karibu kazini."

Huyo alikuwa Barasa. Habari hii ni yake zaidi kuliko yangu.

Mngetaka kujua kazi ya mkono wa roboti, mngemwona kwanza Barasa akipanga magunia juu ya paleti, lile jukwaa la mbao. Mtu wa kawaida anaona magunia yamelaliana tu, basi. Barasa alikuwa na mpango wake. Kila safu ilikuwa na magunia matano: matatu yakilala sambamba, mawili yakikatiza mbele yao. Safu inayofuata aliigeuza, matatu yakaja juu ya mawili, ili yafungane kama matofali. Midomo yote aliielekeza ndani. Uzi ukifumuka, chakula kinabaki katikati ya paleti, hakimwagiki sakafuni kwa panya. Na kabla ya kulaza gunia alilipiga kofi moja zito tumboni. Chakula kinapotoka kwenye mashine kikiwa cha moto, gunia huwa limejaa hewa. Usipoitoa, paleti utaiacha imesimama wima jioni na asubuhi utaikuta imeegemea ukuta. Tulikuwa tunajua Barasa yuko zamu kwa kusikia makofi tu.

Nilimheshimu sana mtu yule, na sioni haya kusema. Nimeona wahandisi wa kila namna wakipita ukumbini na helmeti zao safi. Sijaona aliyelijua gunia kama yeye.

Sasa mgongo. Wakati ule gunia lilikuwa kilo sabini, na Barasa alilibeba kama mnavyobeba begi la kompyuta. Baadaye wafugaji wakaanza kuja na boda boda, kila mtu akitaka gunia dogo la kilo ishirini analoweza kufunga nyuma ya kiti. Sote tukashangilia, tukadhani mgongo wa Barasa umepona. Tulijidanganya. Gunia likiwa dogo unapewa mengi, na kuinama ni kulekule. Hakuna siku gunia lilimwangukia au alianguka nalo. Mgongo uliisha kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja nikamkuta ameshikilia nguzo, hawezi kunyooka wala kuinama, anatabasamu ili nisiseme kitu. Daktari aliandika barua: asinyanyue tena mzigo wowote.

Pale kiwandani barua kama hiyo ilikuwa na maana moja. Kazi nyepesi haikuwapo. Barasa alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu, ana watoto wawili bado shuleni, na nyumba ya kupanga kule Free Area. Alisoma hadi darasa la saba. Hakuna kiwanda kingine ambacho kingemwajiri mpangaji asiyeinama.

Ni katika majuma hayohayo meneja aliniita ofisini kwake. "Mama Njeri, tunanunua roboti ya kupanga yale magunia madogo. Ziko mbili. Wewe ndiye unajua ile floor. Angalia, uniambie tuchukue gani."

Aliyeleta habari za mikono hiyo alikuwa injinia msichana, Achieng, kutoka kampuni moja ya Nairobi iliyokuwa ikiuza yote miwili. Mdogo kwa umri, mkubwa kwa adabu. Alivua helmeti kunisalimia. Mkono wa kwanza ulikuwa mdogo, wa aina inayofanya kazi bila uzio; ukigusa mtu unasimama wenyewe. Ulikamata gunia kutoka juu kwa vikombe vya mpira vinavyonyonya hewa. Wa pili ulikuwa jitu, wa kufungiwa ndani ya wavu wa chuma, na kiganja chake kilikuwa na vidole virefu vinavyopita chini ya gunia na kulibeba kama unavyobeba mtoto aliyelala.

Achieng ndiye aliyenifundisha jambo la kwanza, nanyi lishikeni. Karatasi ya ule mkono mdogo iliandika kwamba unanyanyua kilo thelathini. Nikasema, "Basi umetosha, gunia letu ni ishirini."

"Bado, mum," akasema. "Hiyo thelathini ni pamoja na kiganja. Kiganja chenyewe ni kilo nane. Inabaki ishirini na mbili, tena mkono ukinyooka hadi safu ya juu inapungua."

Nilimpenda hapohapo. Muuzaji anayekuonyesha udhaifu wa bidhaa yake kabla hujauliza, mpe kiti na chai.

Meneja naye alikuwa na hesabu nyingine, na hii ndiyo ilinishika moyo. Ule mkono mdogo ulihitaji mtu wa kusimama karibu nao: kuuwekea paleti tupu, ambayo angeisukuma kwa kitoroli, na kunyoosha gunia lililokaa upande. Hakuna kunyanyua. Meneja akasema, "Tukichukua huo, tunaweka Barasa hapo." Lakini ule mkubwa ulijiwekea paleti wenyewe. Ulihitaji mtu mmoja tu nje ya wavu, kwenye skrini, na meneja alitaka huyo awe na cheti. Kwa hiyo mkono mdogo ulikuwa kazi ya Barasa, na mkono mkubwa ulikuwa barua ya kumwachisha kazi. Yeye mwenyewe alijua. Kiwandani hakuna siri.

Achieng aliuleta ule mdogo ukumbini tuujaribu. Na hapa ndipo nilipofanya kosa, kosa la mwanamke aliyelelewa kupokea wageni. Kama mgeni anakuja nyumbani, unatoa vikombe vizuri, au sio? Nilipigisha sakafu deki mara mbili. Nikawaambia vijana wafute mkanda. Kisha nikafungua kabati na kutoa magunia ya maonyesho, yale tunayopeleka kwenye maonyesho ya kilimo, yenye picha ya ng'ombe wa rangi na yanayong'aa kwa plastiki juu. Tukayajaza chakula kilichopoa tangu jana. Nilitaka watu wa Nairobi waone kwamba Nakuru tuko sawa.

Na mkono ule ulicheza! Sijui niwaambieje. Unashuka, unabusu gunia, unainuka nalo, unageuka polepole, unalilaza. Hakuna kelele. Wanawake wa cherehani waliacha kazi wakaja kutazama. Mmoja akasema, "Huyu hata hachoki wala haombi ruhusa ya mazishi," tukacheka mpaka machozi. Achieng alikuwa amechora duara kwa chaki sakafuni kuonyesha mahali ambapo mtu wa karibu angesimama. Barasa akaingia ndani ya duara, akasimama pale na mikono nyuma kama chifu, na watu wakampigia makofi. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi sana.

Siku tatu baadaye tukaenda kuuona ule mkubwa kwa sababu hauwezi kubebwa. Ulikuwa umefungwa katika kiwanda cha unga nje ya mji, wateja wa akina Achieng. Tulibeba magunia yetu kwa lori, na kwa sababu sasa sisi ndio wageni, hakuna aliyejisumbua. Yalichukuliwa tu kutoka kwenye mkanda, ya kawaida, ya nyuzi, yamepakwa vumbi la pumba, mengine bado ya moto. Ule mkono ulinguruma. Uliyakamata, ndiyo, hakuna lililoanguka, lakini yalikaa vibaya, yamevimba, paleti ikawa na tumbo. Nikamwambia meneja njiani, "Hilo jitu halina adabu."

Nikaandika ripoti ya ukurasa mmoja. Tuchukue mdogo. Nikaiacha mezani nimpelekee meneja mchana.

Saa nne, wakati wa chai, Barasa akaja kwenye kibanda changu. Alitembea akiwa ameshika kiuno. Hakukaa.

"Mama Njeri," akasema, "yale magunia ya ile siku yalikuwa ya show."

"Najua. Mimi ndio nilitoa kwa kabati."

"Sasa siku ya kazi tutatoa wapi mengine?"

Nikakasirika, kama ninavyokasirika mtu anaposema kweli kabla yangu. "Barasa, wewe unataka nini? Huo mdogo ndio kazi yako! Unataka uandikiwe barua?"

"Gunia letu linapumua," akasema, kwa sauti ileile ya chini. "Ukiweka mkono juu unasikia hewa inatoka kwa nyuzi. Hivyo vikombe vitashika nini? Na stima ikipotea gunia likiwa juu? Mimi ningesimama kwa hiyo chaki miaka mitatu. Nikienda, mngeweka mtoto wa nani hapo?"

Hakungoja jibu. Alirudi kwenye chai yake. Mimi nilibaki na ile karatasi nikiiangalia. Ningeweza kuipeleka. Hakuna ambaye angejua, na Barasa angepata kazi yake. Nawaambia wazi kwamba niliwaza hivyo, tena kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kisha nikampigia Achieng simu nikamwambia arudi na mkono wake, kwa sababu jaribio la kwanza niliharibu mimi.

Alirudi kesho yake bila kununa. Safari hii sikufagia. Tulichukua magunia yanayotoka mashineni saa hiyohiyo. Gunia la kwanza, vikombe vilinyonya na kupiga mluzi, likainuka, likaachwa nusu njia. La pili likashika. La tatu likashika, na lilipokuwa juu kabisa nikamwambia fundi wa umeme, "Zima." Akazima swichi kuu.

Lilianguka saa hiyohiyo na kupasuka juu ya lile duara la chaki.

Achieng alipangusa vumbi usoni, akaangalia chaki, akamwangalia Barasa, ambaye alikuwa amesimama mbali na mkanda. Mkubwa wake wa mauzo alikuwa naye siku hiyo, amevaa suti, na akaanza kueleza kuhusu valvu ya ziada na tanki la hewa vya kulishikilia gunia stima ikipotea. Achieng akamkatiza mbele yetu sote. "Kwa gunia linalovuja hewa valvu haitasaidia. Mum, kwa haya magunia msinunue huu. Nyinyi mnahitaji vidole." Msichana wa miaka ishirini na kitu. Nikiulizwa ujasiri wa kazini ni nini, huwataja yeye na Barasa, wala sitafuti wa tatu.

Nilirarua ripoti yangu, nikaandika nyingine, na ndani yake nikaandika kwamba magunia ya kwanza yalikuwa ya maonyesho na niliyatoa mimi. Meneja alisoma, akavua miwani, akasema, "Mama Njeri, ulikuwa unataka kuolewa na hawa watu wa Nairobi ama?" Nilistahili.

Mkono mkubwa ukanunuliwa. Barasa akapewa barua, mwezi mmoja wa notisi. Nilimpelekea mimi mwenyewe, kwa sababu sikutaka aipate kwa karani. Akaisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaniuliza kama ule mkono utafungwa upande wa dirisha, maana mvua huingia huko. Nililia chooni, na kama kuna msomaji anayeona aibu kwa niaba yangu, aache.

Sasa sikilizeni vizuri, nyinyi mnaosomea haya mambo. Mkono ulifungwa wiki ya pili ya ile notisi. Kijana mwenye diploma akawekwa kwenye skrini, kijana mzuri, sina ubaya naye. Mashine inakuja na mipango yake ya paleti, unachagua unaoutaka kwa kidole. Akachagua mmoja unaopendeza kwa macho, magunia yote yakiangalia upande mmoja. Paleti zikatoka haraka mno. Baada ya siku mbili zikaanza kuegemeana ghalani, na midomo iliyoangalia nje ikafumuka, chakula kikamwagika, panya wakafanya harusi. Meneja akamwita Achieng. Achieng akaja, akazunguka zile paleti mara moja, kisha hakuuliza juu ya mashine. Aliuliza, "Nani alikuwa anapanga hizi kabla?"

Barasa alikuwa nje akipiga rangi ukuta, kazi waliyompa kumalizia mwezi. Aliingia akifuta mikono. Akaomba kipande cha sabuni ya mche, akakikata kwa kisu vipande kumi, akavipanga juu ya meza ya chai mbele ya injinia: vitatu sambamba, viwili vikikatiza, kisha akageuza safu ya juu. Kila kipande alikipiga kofi dogo, akakitia alama ya kucha mahali pa mdomo, na alama zote zikaangalia ndani. Achieng alipiga picha, akachora, akauliza, akachora tena. "Na hii ya kupiga kofi ni ya nini, mzee?" Barasa akamwekea mkono juu ya gunia la moto, akabonyeza, hewa ikatoka. Msichana akacheka kwa furaha kama mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato. Wiki hiyohiyo akaweka roli nzito juu ya mkanda ya kukamua kila gunia kabla halijafika kwenye vidole, na ule mpango wa sabuni ukaingia ndani ya mashine.

Paleti zikasimama wima. Ghala likatulia. Na Achieng, mbele ya meneja, akasema kwamba hataweka sahihi ya kukabidhi mashine mpaka kuwe na mtu anayeijua paleti pale kwenye skrini. Kubonyeza, alisema, atamfundisha kwa siku nne. Lile lingine hakuna chuo kinachofundisha. Meneja akauliza cheti kiko wapi. Nikamwonyesha lile ghala.

Mimi nilistaafu mwaka uliofuata. Kijana wa diploma bado yuko, ni fundi wa mashine mbili za mwanzo wa mkanda, na nasikia ndiye huwaambia wanafunzi wa mazoezi waanze kwa kushika gunia. Nami nawaambia hivyohivyo. Mkienda kuchagua mkono, nendeni na gunia baya kuliko yote mliyonayo. Zimeni stima likiwa hewani. Pimeni kiganja. Kisha mwulizeni aliyekuwa akifanya kazi hiyo kwa mikono yake, na mumwulize kabla hamjaamua.

Mwezi uliopita nilipita kiwandani kuchukua karatasi zangu za pensheni, nikaomba kuingia ukumbini. Ule mkono ulikuwa unanguruma ndani ya wavu wake, unachukua, unageuka, unalaza, midomo ndani, bila kukosea. Nilisimama nikautazama kwa muda mrefu, kwa sababu ni kitu kizuri, na ni uongo kusema vinginevyo. Kisha nikamwona Barasa kwenye skrini. Alikuwa amekaa kitini. Kiti cha kawaida cha plastiki, kimewekewa mto mgongoni. Miaka thelathini na zaidi nimefanya kazi na mtu huyu katika ukumbi ule, hata mwaka wangu wa mwisho alisimama mbele ya hiyo skrini, na sikuwahi hata siku moja kumwona amekaa.

Aliponiona akashika meza, akaanza kuinuka ili anipishe kiti.

Nikamwekea mkono begani. "Kaa, Barasa," nikamwambia. "Kaa tu."